Mabango ya Reli ya Ufaransa Yasitundikwe Peke Yake

Tazama mabango ambayo kampuni za reli za Ufaransa zilitundika stesheni kuanzia miaka ya 1890 hadi kukaribia Vita Kuu ya Pili, kisha hesabu treni utakazoziona. Utaona kanisa limekaa juu ya mwamba, ghuba ya bahari jua linapozama, mwanamke wa Bretagne kavaa kofia nyeupe ya lesi, kondoo, mnara wa kengele, theluji ya milima ya Alps. Treni, ambayo ndiyo iliyomlipa mchoraji na kununua wino na karatasi, mara nyingi haimo. Moshi haumo, reli haimo, hata jengo la stesheni halimo. Limebaki jina la kampuni kwa herufi kubwa, na chini kabisa maandishi madogo ya nauli na muda wa tiketi.

Mabango hayo leo yanapendwa sana. Yanapigwa mnada, nakala zake zimejaa maduka ya zawadi, zimechapwa kwenye vikombe na mifuko, zimetundikwa kwenye kuta za migahawa. Wafaransa wengi huyatazama kama albamu ya familia: hivi ndivyo nchi yetu ilivyokuwa zamani, kabla vijiji havijafungwa madirisha. Hapo ndipo ninapokataa. Nayapenda kwa moyo wote, na kazi ya uchapaji iliyomo ndani yake nitaitetea mbele ya yeyote. Lakini hayo ni matangazo ya wafanyabiashara, na kijiji walichokiuza walikiuza wakati uleule reli zao zilipokuwa zinakihamisha. Tukiyatundika peke yake, bila habari za watu waliopanda treni hizohizo kuelekea upande wa pili, tunawafuta watu hao kwa mara nyingine.

Nasema haya nikiwa mchapaji. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilisimama mbele ya mashine ya ofseti ya rangi nne kule Chang'ombe, Dar es Salaam, nikichapa kalenda, lebo za sabuni, vitabu vya nyimbo za kanisa na mabango ya uchaguzi. Sasa nimestaafu. Binti yangu ameolewa Rennes, mji mkuu wa Bretagne, na ninapokwenda kumsaidia kulea wajukuu napata nafasi ya kuzunguka kwenye masoko ya vitu vya zamani. Wengine hutafuta saa na sahani. Mimi huomba kuonyeshwa karatasi.

Mtu aliyewahi kulenganisha rangi nne kwenye mashine haangalii mabango hayo kama wengine. Yale ya mwanzo yalichapwa kwa mawe. Ni ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18: unachora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, mawe mazuri kuliko yote yakitoka Solnhofen, Bavaria; unalilowesha jiwe maji, kisha unapitisha wino. Wino unashika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe lake, na kila jiwe lina uzito wa kuvunja mgongo. Bango lenye rangi kumi na mbili lilipita kwenye mashine mara kumi na mbili, na kila mara karatasi ilitakiwa kukaa pale pale, kwani ikisogea upana wa unywele tu, mdomo wa mtu unatoka nje ya uso wake. Huko Paris, Jules Chéret ndiye aliyeufanya ufundi huo kuwa biashara kubwa ya mabango ya rangi. Halafu ikaja sheria ya uhuru wa uchapishaji ya tarehe 29 Julai 1881, iliyoweka huru ubandikaji wa mabango na kutaja mahali pasiporuhusiwa. Hadi leo ukitembea Ufaransa utasoma tarehe hiyo imepakwa rangi kwenye kuta za zamani, ikikataza kubandika hapo.

Miaka ya 1890 bingwa alikuwa Hugo d'Alesi, mchoraji mwenye asili ya Romania, aliyeifanyia kazi nyingi kampuni ya Paris-Lyon-Méditerranée, ambayo kila mtu aliiita PLM. Mabango yake yana ukungu wa asubuhi, vivuli vinavyofifia kidogo kidogo, maji yanayong'aa. Kwa mchapaji ni kazi ya jasho, maana kila hatua ya kufifia inadai nukta zake kwenye jiwe. Kizazi kilichofuata kilifanya kinyume. Roger Broders, aliyeichorea PLM miaka ya 1920 na 1930, alitandaza rangi bapa: kivuli cha theluji ni buluu moja, mwamba una rangi mbili, anga moja. Kwenye karatasi ya sentimita kama 62 kwa 100 macho yanafika mara moja pale anapotaka yafike. Nimewahi kusimama mbele ya mojawapo na kukagua kingo za rangi kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta mahali mchapaji alipoteleza, nikakosa. Watu wale hawakuwa na kompyuta wala taa za kupimia rangi. Wakitajwa, hutajwa kwa jina la kampuni ya uchapaji lililoandikwa ukingoni kwa herufi ndogo, na majina yao wenyewe hayapo popote. Hilo nalo limuume nani, kama si mchapaji mwenzao?

Kwa hiyo anayesema mabango hayo ni takataka za biashara, mimi na yeye hatuko pamoja. Methali yetu husema kizuri chajiuza, lakini kampuni zile zilijua kwamba hata kizuri hakijiuzi kwa mtu asiyejua njia ya kukifikia, na ziliajiri mafundi bora kuliko wote kuonyesha njia. Ninachouliza ni kingine: zilionyesha nini, na zilificha nini?

Kabla ya kuunganishwa kuwa shirika moja la taifa, SNCF, tarehe 1 Januari 1938, reli za Ufaransa zilikuwa mikononi mwa kampuni chache kubwa zilizogawana nchi. Kila moja ilikuwa na bahari yake, milima yake na watakatifu wake. Midi ilikuwa na Lourdes. PLM ilikuwa na Vézelay, na Le Puy, ambako juu ya mwamba imesimama sanamu kubwa ya Bikira Maria iliyozinduliwa mwaka 1860, iliyosubiwa kwa chuma cha mizinga 213 ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Paris-Orléans ilikuwa na Rocamadour na Bikira wake mweusi, na pwani ya kusini ya Bretagne. Est ilikuwa na Domrémy, alikozaliwa Jeanne d'Arc. Ouest ilikuwa na Chartres, Lisieux na Mont Saint-Michel. Ziligombea abiria kwa watakatifu hao kama zilivyogombea kwa maji ya kutibu tumbo na fukwe za kuogelea.

Na picha zilirahisisha safari. Kwenye bango Rocamadour inaning'inia kwenye jabali, ya kuvutia kweli; stesheni yenyewe iko juu kwenye uwanda, kilomita kama nne kutoka kijijini. Anayekwenda Vézelay hushuka Sermizelles, halafu zimebaki kilomita kumi hivi. Kisiwa cha Mont Saint-Michel huchorwa kikitokea baharini peke yake, na ile sanamu ya Malaika Mkuu Mikaeli ya Emmanuel Frémiet, iliyowekwa mwaka 1897, ikichoma mawingu. Lakini tangu 1879 kilikuwa kimeunganishwa na nchi kavu kwa tuta la barabara, na kuanzia 1901 hadi 1938 tramu ya moshi kutoka Pontorson ilipita juu ya tuta hilo hadi chini ya kuta za mji. Mahujaji na watalii walifika kwa kukanyaga masizi. Mchoraji aliyaona masizi hayo, akayaacha nje.

Kuna jambo moja la Ouest ambalo wasomaji wa magazeti ya leo wanapaswa kulijua. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ilitenganisha Kanisa na dola nchini Ufaransa, baada ya mabishano makali yaliyogawa hadi familia. Kisha tarehe 1 Januari 1909 dola ikaichukua kampuni ya Ouest iliyokuwa imezama kwenye madeni. Hivyo dola isiyo na dini ikawa mwenye reli ya kwenda Chartres, Lisieux na Mont Saint-Michel, na mabango ya sehemu hizo yakaendelea kutoka, sasa yakiwa na jina la Reli za Dola. Mwaka 1925 Teresia wa Lisieux alipotangazwa mtakatifu, waliofika kwa wingi kumwomba walishuka kwenye stesheni ya dola hiyo. Wengine huliona jambo hili kama unafiki. Mimi naona lilieleweka na pande zote mbili, kwa sababu bango lilikuwa limekwisha kuligeuza kanisa kuwa mandhari. Angalia makanisa hayo yanavyochorwa: kwa nje, kwa mbali, kwa mwanga wa jioni. Katika mengi niliyoyaona hakuna aliyepiga magoti, hakuna mshumaa, hakuna rozari mkononi. Ni jiwe zuri kwenye anga zuri, na asiyesali anaweza kulipia nauli bila kusita.

Alsace ilikuwa na shida yake tofauti, nami nitaipitia haraka. Jean-Jacques Waltz, aliyejulikana kwa jina la Hansi, mzaliwa wa Colmar wakati jimbo hilo likiwa chini ya Ujerumani, alihukumiwa na mahakama ya Leipzig mwaka 1914 kwa michoro yake ya kuwakejeli Wajerumani, akatorokea Ufaransa. Vita vilipokwisha na Alsace kurudi, alizichorea reli za huko mabango ya vijiji vyenye korongo juu ya paa na wasichana wenye utepe mkubwa mweusi kichwani. Hapo bango lilikuwa linauza kitu kizito kuliko likizo: lilimwambia Mfaransa kwamba nchi hii ni yako na imekungoja. Wale wa Alsace waliokuwa na mashaka, nao walikuwepo, hawakuchorwa.

Sasa nirudi Bretagne, kwa maana hapo ndipo jambo hili linaponigusa kila ninapotoka nje ya nyumba ya mwanangu.

Reli ilifika Quimper mwaka 1863 na Brest mwaka 1865. Kampuni mbili ziliingia, Ouest kwa kaskazini na Paris-Orléans kwa kusini, na zote mbili ziliitangaza Bretagne kwa namna moja: miamba, msalaba wa jiwe wa njia panda, mwanamke mwenye kofia ya lesi akitazama bahari. Sherehe za hija za Wabretoni, ambazo huitwa pardon, zikawa kivutio. Kubwa kuliko zote ni ile ya Sainte-Anne d'Auray ya kila mwezi Julai, mahali ambapo mkulima Yves Nicolazic alisema alitokewa na Mtakatifu Anna miaka ya 1620. Mparisi aliyechoka na moshi wa mji aliahidiwa kwamba huko kwa Wabretoni watu bado wanaishi kama babu zao, wanavaa kama babu zao, wanasali kama babu zao.

Lakini treni ina njia mbili. Reli iliyomleta Mparisi kutazama kofia za lesi ndiyo iliyowabeba Wabretoni maelfu kwa maelfu kwenda Paris. Mashamba yalikuwa madogo, watoto wengi, na jiji lilitaka watumishi wa ndani, vibarua wa kuchimba mitaro, wafanyakazi wa viwanda. Walishuka Montparnasse, na wengi hawakwenda mbali na hapo. Ndiyo maana mtaa wa Montparnasse hadi leo umejaa migahawa ya chapati za Kibretoni. Wengine walikwenda Saint-Denis viwandani. Mwaka 1905, mwaka uleule wa sheria ya Kanisa na dola, gazeti la wasichana la La Semaine de Suzette lilianza kuchapa vichekesho vya Bécassine, mtumishi wa Kibretoni jijini Paris, mwenye moyo mwema na akili nzito. Mchoraji wake, Pinchon, kwa kawaida alimchora bila mdomo. Sijui kama kuna picha nyingine inayosema zaidi kuhusu namna jiji lilivyowatazama watu wale. Na wakati huohuo, huko kwao, mtoto aliyesikika akisema Kibretoni shuleni alivishwa kitu shingoni kama alama ya aibu, kipande cha mti au kiatu, akakaa nacho hadi amshike mwenzake katika kosa lilelile.

Jirani wa binti yangu ni bibi wa miaka zaidi ya themanini, asili yake karibu na Auray. Tulizoeana kwa sababu ya maharage: aliona nikiyachambua kibarazani, akaja kukaa. Mama yake aliondoka kijijini akiwa binti wa miaka kumi na sita, miaka ya 1920, kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa familia ya wakili mmoja Paris. Alilala chumba cha juu kabisa chini ya paa, kama walivyolazwa watumishi wote. Kila alipokwenda stesheni ya Montparnasse kumpokea mdogo wake au binamu, alipita chini ya mabango ya Bretagne. Bibi huyo ananieleza kwamba mama yake hakuyachukia. Aliyaona mazuri. Kitu kilichomsumbua ni kwamba yule mwanamke wa kwenye picha alikuwa amekaa tu, mikono juu ya mapaja, siku ya kazi, mawimbi yakiwa mbele yake. Kwao hakuna mwanamke aliyewahi kukaa hivyo mchana.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa kuwa ndicho kilichotolewa kwenye mabango ya mashambani: kazi. Kuna kondoo lakini hakuna anayekata manyoya. Kuna mashua lakini hakuna anayetoa matumbo ya dagaa. Sherehe imebaki, na vazi la sherehe, lile ambalo mwanakijiji alilivaa siku chache kwa mwaka. Na abiria aliyefika siku ya kawaida huenda alijiuliza wamekwenda wapi watu wa kwenye picha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na jibu jingine zito zaidi. Ufaransa ilipoteza zaidi ya wanaume 1,300,000, na wakulima walikuwa wengi mno kati yao. Kila kijiji kilijenga mnara wenye majina, mara nyingi hatua chache kutoka mlango wa kanisa lilelile linalotazamwa kwenye bango. Sijaona bango la reli la miaka ya 1920 lenye mnara huo. Sainte-Anne d'Auray penyewe palijengwa kumbukumbu kubwa ya Wabretoni waliokufa vitani, iliyozinduliwa mwaka 1932.

Sensa ya mwaka 1931 ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba Wafaransa wa mijini wamewazidi wa mashambani. Weka tarehe hiyo kando ya mabango. Broders yuko kwenye kilele chake, reli zinatoa picha za vijiji kwa mfululizo, na kijiji chenyewe kimeshindwa kwa idadi. Wanaoyaita mabango hayo kumbukumbu ya Ufaransa ya mashambani wanapaswa kujua kwamba yalichorwa mijini kwa ajili ya watu wa mijini, na kwamba wengi wa watu hao wa mijini walikuwa watoto wa waliohama.

Lourdes ni kisa kingine, nami nina haki ya kukisema kwa sababu nilibatizwa Bagamoyo. Bernadette Soubirous alisema alitokewa kuanzia tarehe 11 Februari 1858. Reli ya Midi ilifika mjini hapo mwaka 1866. Miaka miwili baadaye, 1868, mapadre wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, na pamoja na kahawa na vanila walileta ibada ya Bikira wa Lourdes. Ndiyo maana katika parokia nyingi za Tanzania, Kenya na Kongo utakuta pango la mawe na sanamu yenye mkanda wa buluu. Mimi niliijua Lourdes kupitia pango la namna hiyo: wanawake wamepiga magoti kwenye mchanga, mwingine ameleta mtoto mwenye homa, nta inatiririka juu ya jiwe. Kwangu Lourdes ni mahali pa wagonjwa kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa reli. Kuanzia hija ya kitaifa iliyoandaliwa na Waasumpsionisti mwaka 1873, treni maalumu zilianza kwenda Lourdes, na katika miaka iliyofuata wagonjwa wakawa kiini chake. Walilazwa kwenye magodoro juu ya mbao za daraja la tatu, wenye kifua kikuu, vipofu, waliopooza, wakihudumiwa na masista na wanawake waliojitolea. Mwisho wa safari walipokewa na wabeba machela wa kujitolea wa chama kilichoundwa mwaka 1885. Treni yenye wagonjwa mahututi iliitwa treni nyeupe. Émile Zola, ambaye hakuamini miujiza, aliianza riwaya yake Lourdes ya mwaka 1894 ndani ya treni kama hiyo, na Vatikani ikaipiga marufuku. Lakini hata msomaji mwamini anaona kwamba yule asiyeamini aliwatazama wagonjwa usoni. Mabango niliyoyaona ya Lourdes yana basilika, mto Gave, milima ya Pyrenees nyuma yake. Machela hakuna. Ninaelewa kwamba kampuni isingemwonyesha mwenye kifua kikuu mtu anayetafuta mahali pa kupumzika Agosti. Lakini wagonjwa ndio walioifanya Lourdes ijulikane, na nauli zao, hata zikiwa zimepunguzwa, ziliingia katika hesabu za Midi.

Kuna mtu atasema ninadai kutoka kwenye tangazo kitu ambacho tangazo halikukiahidi. Anayo hoja, na iko nyingine yenye nguvu zaidi ambayo naikubali: mabango hayo yaliwafungulia nchi watu wengi. Juni 1936 serikali ya Muungano wa Umma ilipitisha sheria ya likizo ya malipo ya wiki mbili. Léo Lagrange, aliyekuwa na dhamana ya michezo na mapumziko, akapata kwa kampuni za reli tiketi ya likizo yenye punguzo la asilimia 40, na Agosti ile mamia ya maelfu ya wafanyakazi walipanda treni, wengi wakiona bahari kwa mara ya kwanza. Wazazi wa jirani yetu walikuwemo. Mama alikuwa ameolewa na fundi wa kiwandani Saint-Denis, na kwa tiketi hiyo walirudi Auray, yeye akiwa hajakanyaga huko tangu alipoondoka. Kwa hiyo sisemi kwamba picha ile ilimdanganya kila mtu. Yeye alijua anakokwenda. Nasema tu kwamba safari ile ya 1936, ya mtumishi wa ndani anayerudi kwao kama mtalii, ni sehemu ya historia ya bango sawasawa na jina la mchoraji, na kwenye maonyesho sijaikuta.

Wasomaji wa kwetu wasifikiri hizi ni habari za mbali. Mwanzoni mwa karne iliyopita Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu kutoka Mombasa mwaka 1901, ilitoa bango lake maarufu la kuwaalika makabaila wa Ulaya kuja kupumzika kwenye nyanda za juu za Kenya wakati wa baridi kwao. Lina wanyama wa kila aina. Ilikuwa miaka michache tu baada ya mkataba wa 1904 uliowatoa Wamaasai kwenye ardhi ya Bonde la Ufa iliyo jirani na reli ili walowezi wapewe. Nakala za bango hilo nazo zinauzwa leo kama pambo. Ufundi wa kumwondoa mwenyeji kwenye picha ulikuwa mmoja, ingawa maumivu hayakulingana: Mbretoni alibaki raia mwenye kura na shamba lake, Mmaasai alihamishwa kwa amri.

Nifanye nini basi na mapenzi yangu kwa karatasi hizi? Siombi zichomwe wala zifichwe. Naomba majumba ya makumbusho ya Ufaransa, ambayo yana mabango hayo na yana pia barua za watumishi, tiketi za mahujaji, daftari za wabeba machela na majina ya minara ya vita, yavitoe vitu hivyo kwenye makabati yake na kuvitundika ukuta mmoja na mabango. Waandike majina ya wachapaji pale yanapopatikana. Wenye hoteli na migahawa wanaopamba kuta kwa Mont Saint-Michel ya rangi ya dhahabu waongeze hata picha moja ya Wabretoni wakishuka Montparnasse na masanduku yao.

Na wewe msomaji, ukipata nafasi ya kununua nakala, iwe ya Lourdes au ya Reli ya Uganda, angalia chini. Wauzaji wengine hukata ule ukingo wenye nauli, muda wa tiketi na jina la kampuni ili picha ionekane safi. Usinunue iliyokatwa. Dai yenye maandishi yake yote, kwa sababu pale chini ndipo penye bei, na bei ndiyo inayokuonyesha nani alikuwa anaitwa na nani hakuitwa.